Wosia Uliolala Ndani ya Mashine

Kezia Mayenga alipewa kiti cha marehemu mumewe wiki ya tatu baada ya maziko, na mimi ndiye niliyekipangusa vumbi. Wengine wote ofisini walikataa. Kwetu Wahaya kitu cha marehemu hakiguswi mpaka ukoo ukae na kumtawaza omusika, yaani mrithi, na ukoo wa Rugaibula ulikuwa haujakaa. Mimi nilikuwa mpika chai na mpokea wageni, jina langu Kokuhirwa, na kiti chenye vumbi kinaniudhi kuliko mizimu.

Ofisi yetu ilikuwa Kibeta, vyumba viwili na kibaraza. Tulikuwa tunaandika wosia za wagonjwa, ili wakifa wajane wao wasitupwe nje na sufuria zao. Miaka hiyo kazi hiyo haikukosa wateja. Kuna juma tulizika Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nami nikawa sikumbuki gauni lipi la msiba limekauka.

Rugaibula ndiye aliyekuwa mwandishi. Alijifunza kupiga taipureta jeshini wakati wa vita, akapiga ujumbe wa wakubwa njia nzima hadi Kampala, akarudi na sikio moja bovu na vidole vyepesi. Kompyuta ilipoletwa ofisini mwishoni mwa mwaka tisini na saba, yeye peke yake hakuiogopa. Alikuwa akienda kwa mgonjwa na daftari, anarudi, anaandika kila kitu mashineni. Miaka minne na nusu aliandika wosia zaidi ya mia nne. Agosti ya mwaka elfu mbili na mbili akafa yeye, kwa ugonjwa ule ule wa wateja wake, na hatukuona karatasi yake hata moja.

Kezia alipekua sanduku, alipekua Biblia, alipekua hata mifuko ya koti la jeshi. Hakuna. Ndipo Bartholomayo, mdogo wa marehemu, akaja kumwambia bila hasira yoyote kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi ukoo utakaa Izimbya. Kama hakuna neno la marehemu, kibanja, yaani shamba la migomba, ni cha ukoo, na mtoto Rozi ni wa ukoo. Yeye Kezia ana kwao.

Kwao ni kisiwa cha Bumbire, upande wa Muleba. Baba yake alikuwa Msukuma aliyefuata dagaa, na Kezia alijua kuanika samaki kabla hajajua kusoma. Alikuja Bukoba mjini kuuza, akaingia darasa la jioni la taipureta, na mwalimu wa darasa lile alikuwa Rugaibula. Walioana Juni ya tisini na nane. Yeye alikuwa na miaka ishirini na mitano, bwana harusi arobaini. Wifi zake walimwita mnyamahanga, mgeni wa kutoka mbali, na walimwita hivyo mbele yake wakidhani hajajifunza Kihaya. Alikuwa amejifunza mwezi wa kwanza. Ni mtu asiyepoteza maneno, na kilio chake sijawahi kukisikia mpaka leo.

Sasa mashine nayo. Siku ya nane baada ya Rugaibula kuzikwa, ilikataa kuwaka. Yaani iliwaka, lakini kioo kilibaki cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza, hivyo hivyo asubuhi na jioni. Watu walianza kupita mbali na chumba kile. Nilisema ni mashine tu imeharibika, nikasema kwa sauti kubwa, nami pia nikawa napita mbali.

Fundi wa mjini alisema dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Kezia akamwuliza kufuta ni nini. Fundi akamweleza. Kezia akamfungulia mlango, akamshukuru kwa kuja.

Aliyetusaidia ni Datius, mwalimu wa hesabu, mtu mwembamba anayeongea akitazama viatu vyake. Alikuja siku ya Jumatatu, juma lile lile la kikao, na diski ndogo kuukuu aliyoing'oa kwenye kompyuta nyingine, sidii tatu, na karatasi sita alizoziandika kwa mkono. Alitueleza kwamba kwenye sidii kuna mfumo unaoitwa Linux. Ni wa bure, umeandikwa na watu wa dunia nzima, na wameuacha wazi ili anayetaka asome ndani ulivyotengenezwa. Nikamwambia basi kitu kisicho na siri kimekuja kulala nyumba ya siri. Hakucheka. Alifungua boksi la mashine, akaipachika ile diski ndogo kando ya ile ya zamani, akasema mfumo mpya utakaa kwenye ndogo, halafu kutoka hapo tutachungulia ya zamani bila kuigusa. Hakuna picha za kubonyeza. Unaandika amri, mashine inatii, na haiulizi mara mbili.

Kabla hajaanza, alifuatwa. Shangazi yake amefariki Rubya, gari la kwenda msibani linaondoka. Akamwachia Kezia zile karatasi. Mlangoni aligeuka.

"Ya zamani inaitwa hda. Ndogo inaitwa hdb," akasema. "Ukikosea hiyo herufi moja, Mama Rozi, utakuwa umewaua mara ya pili."

Jumanne asubuhi tukaanza. Nasema tukaanza, lakini mimi nilisimama mlangoni na birika. Kezia alivuta pumzi, akasukuma sidii ndani. Maandishi meupe yakaanza kupanda kwenye kioo cheusi, mistari kwa mistari, haraka kuliko jicho, na mashine ikawa inanguruma kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Baadaye ikatulia, ikaonyesha tarehe. Ilisema ni Januari, mwaka elfu moja mia tisa themanini.

Niliogopa, sifichi. Karatasi ya Datius ilisema betri ya saa imekufa, kwa hiyo mashine ikizimwa muda mrefu inasahau siku. Kezia alisoma hayo kwa sauti, akarekebisha tarehe. Mimi nilikuwa bado nafikiria huo mwaka themanini. Nilikuwa nikiuza karanga kwa askari waliokuwa wanarudi kutoka Uganda, na huenda Rugaibula alikuwa mmoja wao, mzima, na koti lake.

Ikafika kwenye swali la diski. Kezia aliandika amri ya kugawa diski, fdisk, akaongeza ile herufi ya mwisho, b, akaacha kidole hewani. Aliweka rula chini ya mstari wa karatasi, akalinganisha na kioo. Akafuta. Akaandika amri nyingine ya kuonyesha ukubwa wa diski zote mbili, akahakikisha kwamba ndogo ndiyo ndogo. Akaandika tena. Alifanya hivyo mara tatu, jinsi muuza samaki anavyorudia mzani wakati mnunuzi anatazama. Nikamwambia bonyeza, mwanamke, chai inapoa. Akabonyeza.

Programu zikaanza kunakiliwa, moja moja, na majina yake yakipita. Zilipofika kama nusu, umeme ukakatika. Umeme wetu unatoka Uganda. Mume wa Kezia alikwenda kule na bunduki, wenzetu wakatuletea taa kwa nyaya, na wakitaka wanazizima. Tulikaa tukitazama kioo. Hakuna kitu cheusi kama kioo kilichozimika, unajiona mwenyewe ndani na nyuma yako unaona mlango.

Umeme ulirudi Jumatano saa tatu asubuhi, naye akaanza upya, kutoka karatasi ya kwanza, rula na vyote. Safari hii ilikwenda mpaka mwisho. Mashine ikajizima na kujiwasha, ikauliza jina la anayeingia. Kimstari kikawa kinawaka na kuzima, kinasubiri. Miaka yote mahali hapo paliandikwa Rugaibula. Kezia aliandika jina lake, na mashine ikamkubali.

Akaandika mount, amri ya kuunganisha diski ya zamani, kisha ls, amri ya kuorodhesha. Kioo kikajaa majina. Hayakuwa ya watu.

Nshakala. Ntobe. Nchoncho. Nyoya. Kinunu. Mbele ya kila moja namba, na yakirudi tena na namba nyingine, mia nne na zaidi. Kezia alinitazama. Nikamwambia ni migomba, aina za migomba ya kwetu. Binti wa dagaa, hata akijua Kihaya, angejuaje majina ya migomba.

Tukaanza kufungua moja moja. Hapo ndipo nilipoweka birika chini.

Rugaibula hakuandika wosia kama wanasheria. Aliandika kila kilichosikika chumbani. "Najua sitaziona senene za mwaka huu. (Anakohoa.) Sufuria kubwa apewe dada yangu. (Anaomba maji. Jogoo anawika.) Nisizikwe karibu na mbuni wa kaka, tuligombana." Kezia alikuwa anasoma kwa sauti ya chini, na kila baada ya mistari michache sauti ilikuwa inabadilika, si kwa kukusudia, ila maneno ya watu yana mwendo wa wenyewe. Niliwatambua. Huyu tulimzika kwenye mvua. Huyu tulimzika na mtoto wake siku moja. Chumba kilikuwa na jua, nje kuna kuku, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya mkutano.

Lililonitisha zaidi ni wengine. Katika kila watano, mmoja alikuwa hajafa. Mama aliyeniuzia maharage asubuhi ile ile, akinitania kuhusu unene wangu, alikuwa ameshagawa kanga zake zote, moja moja kwa rangi. Nilianza kusikia watu wanaopita barabarani, nikawa sitaki kutazama dirishani.

Kezia alifungua mwingine. Unahusu baiskeli na koti jeusi la suti. Mlango ukagongwa, akaingia Ishengoma, mwenyekiti wa ofisi, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, amekuja kuuliza kazi inaendaje. Alikuwa amevaa koti jeusi la suti. Alisogea nyuma ya Kezia kabla hatujajua la kufanya, akasoma. Akatafuta benchi kwa mkono, akakaa.

"Basi mmefika kwetu," akasema.

Baadaye kidogo alituomba mkewe asijue kwanza, nasi tukaapa. Ndiye aliyetueleza habari ya migomba. Mhaya hakubali jina lake liandikwe juu ya wosia akiwa hai, ni kama kumwelekeza kifo mlango. Kwa hiyo Rugaibula alimwuliza kila mtu mgomba gani uko karibu na dirisha la chumba chake cha kulala, akatumia huo, na namba.

"Wake umo," Ishengoma akasema. "Aliniambia mwenyewe. Aliuandika kabla ya wote, akijaribu mashine."

Alipoondoka, Kezia alipekua karatasi za Datius mpaka akapata amri ya kupanga majalada kwa tarehe, mapya juu na ya zamani chini. Aliandika. Mstari wa mwisho kabisa ulisema kinunu, tarehe kumi na moja Februari, mwaka tisini na nane. Dirishani kwao Izimbya kuna kinunu, nimekiona. Nilipiga vigelegele, peke yangu.

Kezia hakupiga. Alikuwa anahesabu miezi kwa kidole gumba kwenye meza. Akasema pengine saa ilikuwa imekosea, si tumeona inavyosahau? Nikasema ndiyo, imekosea, fungua.

Akafungua, akausoma kwa sauti kama alivyosoma zile nyingine. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya kibanja. Sehemu ya pili alianza kuisoma kwa sauti, akamalizia kimya, kisha akanipisha nisome mwenyewe. Sitaiandika hapa, utaisikia mahali ilipopaswa kusikika. Nitasema tu kwamba nilimchukia Rugaibula siku ile, mtu niliyempikia chai miaka minne na nusu, na chuki yenyewe haina pa kwenda ukishamzika mtu.

Printa ilikataa kuelewana na mfumo mpya. Kezia akachukua daftari la shule akanakili kwa mkono, sehemu ya kibanja ukurasa mmoja, sehemu nyingine ukurasa wa nyuma yake. Nikamwambia achane ule wa nyuma. Kibanja kinatosha, yale mengine ni ya kuchoma. Nikamwambia hata mashineni anaweza kuyafuta, maana mfumo wake uko wazi, nani atajua. Alisema atafikiri.

Jumamosi tukaenda Izimbya, mimi, yeye na Ishengoma. Nyasi mbichi zilikuwa zimetandikwa sakafuni, ukoo umekaa kuzunguka ukuta, wanaume karibu na mlango. Nje kwenye migomba, hatua chache kutoka jikoni, kaburi lilikuwa bado na udongo mwekundu. Walioongea waliongea. Ishengoma akasimama, akathibitisha kwamba marehemu alimwambia wosia wake umo mashineni. Ndipo Kezia akafungua daftari.

"Mimi Rugaibula wa Izimbya. Kibanja changu, kuanzia mlamula wa mpakani upande wa mashariki hadi kijito, na nyumba, na mibuni, nampa Kezia binti Mayenga. Ndugu zangu wasimwondoe."

Bartholomayo aliomba daftari, akalitazama, akamrudishia kwa adabu.

"Mwandiko ni wako, shemeji. Daftari ni lako," akasema. "Hata mimi ningeweza kujiandikia hivyo."

Watu wakaguna, na mguno ulikuwa wa kukubali. Sikuwalaumu sana. Mashine iko Kibeta, Izimbya hakuna umeme, na mbele yao ni mgeni na kidaftari cha watoto. Nilimwona Kezia akimtazama Rozi, aliyekuwa amelala mapajani mwa wifi mmoja kana kwamba ameshapewa. Halafu akafunua ukurasa wa nyuma. Nilimvuta kanga. Akaiondoa mikononi mwangu, polepole.

"Naandika huu wa kwanza ili nione mashine inavyotunza maneno," akasoma, baada ya kutaja ile tarehe ya Februari. "Mvua haijakatika tangu Novemba, na barabara ya Izimbya imekatika. Jana nimepewa majibu. Ninao. Kezia sijamwoa bado. Nitamwoa Juni, akikubali. Hajui, na sitamwambia, kwa sababu akijua hatakuja, nami nimeona watu wanavyokufa peke yao. Siwezi. Kwa ajili hiyo kibanja kiwe chake. (Naacha kidogo.) Mgomba wangu ni kinunu."

Hata mabano aliyasoma. Sauti ilikuwa yake, lakini mwendo wa maneno ulikuwa wa Rugaibula kabisa, ule wa kusimama katikati na kuvuta pumzi, na nikaona wazee wawili wakigeuka kutazama mlango wa chumba cha kulala. Huko nje kinunu kilikuwa kinasuguana na bati.

Bartholomayo alijitahidi. Alisema amesikia saa ya mashine hiyo hudanganya, pengine tarehe si yenyewe, pengine kaka yake alijua baadaye. Hakuwa anapigania kibanja tena, alikuwa anampigania marehemu. Lakini mvua ile kila mmoja aliikumbuka, na barabara iliyokatika, na harusi ya Juni walikuwa wameicheza.

Aliyemaliza ni Kokwijuka, shangazi wa marehemu, bibi kizee aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi.

"Waitu, mwanamke gani anajitungia aibu hii?" akauliza. "Hayo ni maneno ya mtoto wetu. Mpeni."

Wakampa. Wifi yule akamwamsha Rozi, akamleta mwenyewe. Wengine walishindwa kumtazama Kezia usoni wakati wa kuaga, na mnyamahanga sikulisikia tena. Juma lililofuata nilimsindikiza kupima. Anao. Rozi hana. Dawa zilipokuja mkoani alikuwa bado ana nguvu, na leo ndiye anayewafundisha wenzake mashine ile na amri zake, kwa ukali kuliko Datius.

Lakini nataka nimalizie na siku moja tu, mwezi mmoja baada ya kikao. Nilikwenda Izimbya kumsalimu. Kwetu mtu huzikwa kibanjani mwake, na anayepewa kibanja hupewa na kaburi, na mjane hulifagia asubuhi kabla ya kuwasha moto. Nilikuta uwanja umefagiwa mpaka unang'aa, chini ya migomba kumefagiwa, njia ya kijitoni imefagiwa. Kaburi lilikuwa limefunikwa na majani makavu, mengi, ya mwezi mzima, na ufagio umepitishwa kulizunguka. Majirani walikuwa wameshaona na wameshasema.

Nikamwuliza atalifagia lini. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua macho.

"Asubiri," akasema. "Mimi alinisubirisha miaka minne."